Kalori za Mafuta ya Kupikia Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya mtu anayepika nyumbani, awe Sakina au Njiro jijini Arusha, Majengo au Kiboriloni mjini Moshi. Wengi wanaoanza kuhesabu kalori hupima unga wa ugali, hupima mchele, huhesabu hadi idadi ya chapati, halafu mafuta wanayaruka kwa sababu hayaonekani sahanini. Hapo ndipo hesabu nzima inapopotea. Ninachosisitiza tangu mwanzo ni hiki: mafuta yapimwe kabla hayajaingia sufuriani. Yakishachanganyika na nyanya na vitunguu, hakuna jicho la kuyapima.

Kwa nini tuhangaike na mafuta kuliko vyakula vingine?

Gramu moja ya mafuta ina kalori 9. Gramu moja ya wanga ina 4, na ya protini pia 4. Tena mafuta ya kupikia ni mafuta matupu. Hayana maji wala nyuzinyuzi ndani yake.

Chukua mboga ya jioni. Mchicha uliochambuliwa na kukatwa, gramu 400, una kalori 90 hivi. Ukiuunga kwa vijiko vitatu vikubwa vya mafuta, umeongeza kalori 360. Maana yake, katika bakuli lile la mboga, kalori nne katika kila tano zimetoka kwenye chupa, na mlaji anaamini kabisa amekula majani. Mnafu, sukuma wiki na figiri ni hivyo hivyo.

Kalori na kilokalori ni kitu kimoja?

Katika mazungumzo ya chakula, ndiyo. Kwenye kibandiko cha chupa utakuta kcal na kJ. Hiyo kcal ndiyo tunayoiita kalori. Ukikuta kJ peke yake, gawa kwa 4.2. Angalia pia kama wameandika kwa gramu 100 au kwa mililita 100, kwa sababu lita moja ya mafuta haifiki kilo. Ina gramu 920 hivi.

Kijiko kimoja kina kalori ngapi?

Kijiko cha chai cha mililita 5 kina kalori 40. Kijiko kikubwa cha mililita 15 kina 120. Robo lita ina 2,000 na zaidi kidogo, na lita nzima ina kama 8,100. Kwa hesabu ya kichwani, mililita zidisha kwa 8, gramu zidisha kwa 9. Utapishana kidogo na majedwali ya wataalamu, lakini tofauti hiyo ni ndogo mno kuliko ile ya kukadiria kwa macho.

Vijiko vyangu vya nyumbani havilingani. Nitajuaje kimoja kinabeba kiasi gani?

Kijiko cha kulia hakikutengenezwa kiwe kipimo, na katika kabati moja unaweza kukuta vya aina nne. Tafuta kile kikombe kidogo cha plastiki kinachokuja na dawa ya kikohozi. Kina mistari ya mililita 5, 10, na mara nyingi 15. Kioshe vizuri kisha kiwe cha mafuta tu. Au nunua duka la dawa bomba la sindano la mililita 10 au 20, bila sindano yenyewe. Nyonya maji hadi kwenye mstari, yamimine taratibu kwenye kijiko unachokitumia kila siku hadi kijae, uone yametumika mangapi. Andika namba hiyo mlangoni mwa kabati. Fanya hivyo hivyo kwa kifuniko cha dumu na kwa upawa.

Upawa ndio wa kuangaliwa sana. Upawa wa kupakulia mchuzi ukijaa unaweza kubeba mililita 60 au zaidi, na hapo tayari ni kalori 480. Jambo jingine ni kumimina moja kwa moja kutoka kwenye dumu la lita 5. Dumu lililojaa hutapika mafuta kwa mkupuo, hata mkono uwe mwepesi namna gani. Hamishia mafuta ya wiki kwenye chupa ya maji ya nusu lita, utoboe kifuniko tundu dogo kwa msumari wa moto. Kwa kazi hiyo ya dakika chache tu, nyumba nyingi hupunguza mafuta bila mtu yeyote kugundua tofauti mdomoni.

Nina mizani ya jikoni. Kuna njia nyepesi zaidi?

Ipo, nami naipenda kuliko zote: pima chupa, uachane na vijiko. Weka chupa ya mafuta kwenye mizani kabla ya kupika, andika. Pika unavyopika siku zote. Ukimaliza, irudishe chupa kwenye mizani. Kama ilikuwa gramu 640 na sasa ni 605, umetumia gramu 35, yaani kalori 315. Anayeongeza mafuta katikati kwa sababu vitunguu vimeanza kushika chini hana haja ya kukumbuka aliongeza mara ngapi.

Mimi hununua mafuta ya kupima kwa Mangi, mwenye duka la mtaani. Nayo yanahesabika?

Tena kwa urahisi, maana unajua leo yameingia kiasi gani nyumbani. Shida ni kwamba vipimo vya maduka havifanani. Kipeleke nyumbani kipimo kimoja, ukipime kwa kile kikombe cha dawa, ujue. Kikiwa mililita 100, na kikaisha siku hiyo kwa watu wanne, kila mmoja amepata kalori 200 za mafuta. Wapo wanaodhani mafuta ya kupima ni mepesi kuliko ya chupa yenye kibandiko. Kwa kalori, ni sawa.

Niongeze jambo ambalo haliko kwenye swali: kanuni za urutubishaji wa chakula za Tanzania zinataka mafuta ya kula ya viwandani yaongezwe vitamini A, na vitamini hiyo huharibiwa na mwanga na joto. Kama dumu la dukani linakaa juani kutwa nzima, nunua kwingine.

Alizeti, mawese, mafuta ya nazi, samli, mzeituni: yapi yana kalori chache?

Hakuna. Alizeti ya Singida, mawese ya Kigoma, mafuta ya nazi ya pwani, ya mzeituni yanayotoka nje, yote yana kalori kati ya 880 na 900 kwa gramu 100. Samli nayo imo humo humo. Rangi, harufu na bei havibadilishi chochote, wala kukamuliwa kwa mashine ndogo badala ya kusafishwa kiwandani. Siagi ya maziwa na majarini nyingi zina maji ndani, ndiyo maana huwa karibu 720.

Zinapotofautiana ni kwenye aina ya mafuta. Mafuta ya nazi, zaidi ya asilimia 80 ni yale mafuta mazito yanayopandisha kolesteroli mbaya kwenye damu. Mawese ni kama nusu. Alizeti ni asilimia 11 hivi. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta ya aina hiyo yasizidi asilimia 10 ya kalori za siku. Kwa hiyo kwa upishi wa kila siku nashauri alizeti, kwa ajili ya moyo na mishipa. Na yale maandishi ya "haina kolesteroli" kwenye chupa yasikuhadae: mafuta ya mimea hayana kolesteroli ya kuhesabika, na maneno hayo hayapunguzi kalori hata moja.

Baridi ya Juni na Julai mafuta yangu yanaganda. Nipime vipi?

Kwa gramu. Arusha iko juu, na mawese au mafuta ya nazi yakikaa jikoni usiku wa Julai yanaganda. Kijiko cha mafuta ya mgando kikiinuka juu kama kilima kinaweza kubeba mara mbili ya kijiko kilichosawazishwa kwa kisu. Kama huna mizani, weka chupa kwenye maji ya uvuguvugu hadi mafuta yayeyuke, ndipo upime.

Tunakula sufuria moja watu watano. Sehemu yangu naijuaje?

Hesabu mafuta ya sufuria nzima kwanza, kisha ugawe kwa ulichopakua. Tuseme umepika machalari ya ndizi mshare na nyama, ukaungia mililita 60 za mafuta: hizo ni kalori 480. Sufuria tupu uliipima siku moja ukaandika uzito wake, kwa hiyo unajua kwamba chakula kilichoiva ni gramu 2,400. Sahani yako ina gramu 600, ambayo ni robo. Mafuta uliyokula ni kalori 120.

Bila mizani, hesabu pawa. Sufuria imetoa pawa 12, wewe umechukua 3. Ni robo ile ile. Baba akichukua 4 na mtoto 1, kila mtu ana hesabu yake. Kugawa kwa vichwa, mafuta ya sufuria kwa watu watano, ni njia ya haraka lakini humwonea anayekula kidogo na kumpendelea anayejaza sahani.

Koroga kabla ya kupakua. Mafuta huelea, na anayepakuliwa wa kwanza ndiye anayeyabeba.

Vyakula vya kuzamisha kwenye mafuta, kama chipsi na ndizi mzuzu, vinahesabiwaje? Siwezi kula lita nzima!

Huli lita nzima, kweli. Unakula yale yaliyoingia kwenye chakula, na hayo hupatikana kwa kutoa. Pima kikaango pamoja na mafuta kabla ya kuwasha moto. Ukimaliza, acha yapoe kabisa (usiweke mafuta ya moto kwenye mizani ya plastiki), pima tena. Kama yalikuwa gramu 1,450 na sasa ni 1,370, gramu 80 zimeondoka na chakula, yaani kalori 720. Kwa watu wanne ni 180 kila mmoja. Asiye na mizani atumie jagi lenye mistari: mafuta mangapi yaliingia, mangapi yamerudi baada ya kuchujwa.

Ukielewa kinachotokea ndani ya kikaango utaelewa pia namna ya kupunguza. Kiazi kina maji mengi. Kikitumbukia kwenye mafuta ya moto, maji yale yanageuka mvuke na kutoka kwa nguvu. Ndiyo yale mapovu unayoyaona. Mvuke unapotoka, mafuta hayapati nafasi ya kuingia. Ukikitoa, kikaanza kupoa, mvuke unaisha na mafuta yaliyobaki juu yake yanavutwa ndani. Sehemu kubwa ya mafuta huingia dakika hizo za kupoa, wakati mpishi tayari amegeuka kushughulikia kachumbari. Kwa hiyo chipsi zikitoka, zitikise juu ya kikaango zikiwa bado zinachemka, kisha uzitandaze kwenye chujio. Ukizirundika kwenye bakuli zinaogelea katika mafuta yake zenyewe.

Mafuta ambayo hayajapata moto vizuri nayo hulowesha chakula, kwa sababu chakula hukaa humo muda mrefu. Na vipande vyembamba hubeba zaidi kuliko vinene: kripsi, karibu theluthi moja ya uzito wake ni mafuta. Bilinganya ndiyo kiboko yao wote. Inanyonya kila unachoipa na kuomba nyongeza.

Kama hukupima kabisa, kadiria gramu 15 za mafuta kwa kila gramu 100 za chipsi zilizoiva. Gramu 100 hizo zina kalori zipatazo 310 kwa jumla. Viazi vya kuchemsha vya uzito huo huo vina chini ya 90.

Na chapati?

Chapati ina mafuta sehemu tatu: kwenye kukanda, kwenye kukunja, na kwenye kikaango. Watu hukumbuka ya mwisho tu. Tenga mafuta yote kwenye kikombe kimoja kabla ya kuanza, uyatumie hayo hayo hadi mwisho, na yatakayobaki uyatoe kwenye hesabu. Kilo moja ya unga wa ngano ina kalori 3,600 hivi. Ukitumia mililita 200 za mafuta, ongeza 1,600. Ukitoa chapati 16, kila moja ni kalori 325, na 100 kati ya hizo ni mafuta.

Mafuta yanayotoka kwenye nyama nayo niyapime?

Usiyapime, chagua tu jina sahihi kwenye jedwali la kalori. Kuku mwenye ngozi na asiye na ngozi ni mistari miwili tofauti. Nyama ya ng'ombe ya mbavu na ya steki vivyo hivyo. Ukitaka kuyaondoa, acha supu au mchuzi wa mtori ulale kwenye friji, asubuhi uondoe lile tabaka lililoganda juu. Kuku wa kisasa hana haja ya mafuta ya chupa: mweke kwenye kikaango, ngozi iwe chini, moto mdogo, atajikaanga mwenyewe.

Parachichi, karanga na tui la nazi, je?

Vyote vina mafuta, na vyote viandikwe. Gramu 100 za parachichi zina kalori 160, na maparachichi yetu ya Kilimanjaro na Meru ni makubwa. Nusu tu inaweza kupita gramu hizo. Karanga gramu 100 zina kama 570. Tui zito linaweza kufika 230 kwa gramu 100. Anayeunga mboga kwa karanga za kusaga au tui hahitaji mafuta ya chupa juu yake. Ndiyo njia nzuri ya kupunguza bila chakula kukosa ladha.

Mpishi si mimi, ni dada wa nyumbani, au mama. Nitamwambiaje apime?

Kwa mama, usimwambie chochote kuhusu vijiko. Pima chupa kabla hajaingia jikoni na baada ya kutoka, basi. Mtu aliyelisha familia miaka thelathini hapaswi kusimamiwa na mwanawe juu ya sufuria yake mwenyewe.

Kwa dada, mweleze sababu waziwazi, kwamba ni afya yako na wala humshuku kuiba mafuta. Hili ni la muhimu sana. Ukianza ghafla kuweka alama kwenye chupa bila neno, atasikia anachunguzwa, na ana haki ya kuumia. Muulize yeye mwenyewe ni chakula gani anaona kinaweza kupikwa kwa mafuta machache. Aghalabu anajua kuliko wewe.

Sina muda wa kupima kila siku. Kuna njia ya mkato?

Tumia dumu. Siku unapofungua dumu la lita 5, andika tarehe juu yake kwa kalamu ya wino mzito. Siku linapokwisha, hesabu. Lita 5 ni kama kalori 40,000. Kama mko wanne na limeisha kwa siku 30, gawa kwa 120: kila mtu amekula wastani wa kalori 333 za mafuta kwa siku. Yaliyomwagwa baada ya kukaangia yatoe kwanza. Watoto wadogo na wageni wanavuruga hesabu kidogo, lakini ukilinganisha dumu hili na lililopita utaona kama nyumba inapanda au inashuka.

Ushauri wangu: pima kila mlo kwa wiki mbili ili mkono ujifunze, kisha bakia na dumu. Na kama kuhesabu kunakufanya uogope kula au ukwepe meza ya familia, acha kupima na uongee na mtu wa afya.

Kwa siku mafuta kiasi gani yanatosha?

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima mafuta yote yasizidi asilimia 30 ya kalori za siku. Kwa anayekula kalori 2,000, ni 600, sawa na gramu 67. Ndani ya hizo zimo mafuta ya nyama, maziwa, mayai na parachichi. Ile familia ya dumu, kwa gramu 37 za chupa peke yake, imeshavuka nusu. Mwenye kisukari, shinikizo la damu au ugonjwa wa figo aulize afisa lishe wa halmashauri au daktari wake, kwa sababu mgao wake unaweza kuwa mwingine.

Watoto nao tuwapunguzie?

Walio chini ya miaka miwili, hapana. Tumbo ni dogo, mahitaji ni makubwa, na kijiko cha mafuta kwenye uji au mtori wa mtoto kinamsaidia kupata nguvu ya kutosha. Mjamzito, anayenyonyesha, na mgonjwa aliyepungua uzito wasiingizwe kwenye hesabu za kupunguza bila ushauri wa mtaalamu.

Basi nile chukuchuku kabisa?

Sishauri. Vitamini A, D, E na K zinahitaji mafuta ili mwili uzipokee, na mchicha wa chukuchuku unakupa kidogo kuliko ulioungwa. Kijiko cha chai kimoja kwa kila sahani kinatosha kwa kazi hiyo. Pasha sufuria kwanza, weka mafuta hayo machache, kitunguu kikianza kushika nyunyizia maji kidogo na ufunike. Nyanya zikiiva hadi zirojeke, mchuzi unakuwa mzito wenyewe.

Programu ya simu inasema "mchicha wa kupikwa, kalori 40". Niamini?

Usiamini mpaka ujue mpishi aliyeingiza namba hiyo alitumia mafuta gani na kiasi gani, na huwezi kujua. Ingiza viungo vibichi kimoja kimoja, na mafuta uyape mstari wake. Kwa makande, ndizi na loshoro, mara nyingi hiyo ndiyo njia pekee.

Mafuta yaliyokwisha kukaangia yanapungua kalori?

Hapana. Yanaharibika tu. Yakiwa meusi, yakitoa povu au moshi mapema, au yakinuka, yamwage.

Desemba ukoo wote umekutana nyumbani Moshi, wanapika shangazi sita. Nihesabu vipi?

Usiingie jikoni na kikombe cha dawa. Kwa kila sahani ya chakula cha kuungwa, andika kijiko kikubwa kimoja cha mafuta, kalori 120. Kwa pilau au chakula cha kukaangwa, andika viwili. Nyama choma na ndizi za kuchoma hazina mafuta ya chupa, kwa hiyo ziandike zilivyo. Dumu la kwako liache na tarehe yake, na ukirudi mjini utoe kwenye hesabu idadi ya siku ambazo hukulitumia.